Sentensi Niliyomnyima Mama Nafula

Theta,
jioni ya kuamkia safari yako.

Kwa mwanangu Wambui, niliyemwita maitu, yaani mama, tangu siku alipopewa jina la mama yangu,

Kesho asubuhi, Mchungaji akishaomba na kabla mizigo yako haijapakiwa, simama uisome barua hii kwa sauti. Anza kwa kuwatambua walioketi, kila mmoja kwa nafasi yake: Cucu wako, mama yangu, aliye mkubwa wetu sote, Mchungaji wetu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufaana, pamoja na wazee na akina mama wa kikundi, mama yako, mwenye nyumba, majirani wote wa huku Theta walioacha ng'ombe na mboga zao ili wakusindikize. Halafu mtaje Mama Nafula. Kwa desturi angehesabiwa miongoni mwa majirani na jina lake lingepita bila kusikika. Wewe mtaje peke yake, kisha usubiri kidogo kabla ya kuendelea. Barua ni yako, lakini ndani yake kuna kitu chake ambacho nimekikalia.

Wengi watashangaa. Kila arusi, kila mchango na kila matanga ya mtaa huu, anayesimama kusema ni mimi, na leo namtuma binti yangu asome. Sababu ni hii: nikisimama nitasema vizuri. Nikisema vizuri nitakuwa nimeharibu mara ya pili.

Ya safari sitayagusa. Sweta, chandarua, maji ya kuchemsha, nani wa kumpigia ukifika Lodwar, yote hayo mama yako amekuambia mpaka ukacheka. Mimi nina jambo moja tu. Wewe unakwenda kuwa muuguzi, na ipo siku utashika simu umwambie mtu usiyemjua habari ya mtu wake. Siku hiyo nakusihi usiwe mtoto wa baba yako.

Unajua kazi yangu. Nimewafundisha watoto wa watu Kiswahili mpaka nikastaafu, na katika masomo yote niliyoyapenda, hakuna nililolipenda kama kirai kihusishi. Ni kile kifungu kinachoanza na kwa, katika, kuhusu, kutoka, kwa niaba ya, kwa mujibu wa, kikaeleza jambo limetendeka wapi, au kwa nini, au kwa idhini ya nani. Chenyewe hakina ubaya. Ukisema mama amekaa, umetoa habari. Ukisema mama amekaa kwa jirani, habari hiyo umeiwekea mlango, mtu anaweza kumfuata. Nilichowafundisha vibaya watoto wale ni kiasi. Mwanafunzi aliyerundika virai vitatu vinne kabla hajatuambia nani alifanya nini, nilimsomea insha yake mbele ya darasa. Aliyeandika "Mvua ilinyesha. Tulikimbia," nilimwekea wino mwekundu pembeni: Pamba lugha. Sasa nawakumbuka wale wa mvua. Walikuwa wamelowa kweli.

Cucu wako, ambaye alichuma kahawa katika mashamba ya Ruiru tangu ujana wake, aliniona mapema. Nilipokuwa nimetoka tu chuo cha ualimu aliwaambia wageni wake, nami nikisikia, "Huyu mtoto wangu akitaka chumvi, anaanza na bahari." Wakacheka, nikacheka nao, moyoni nikasema huyu mama hakusoma. Yeye alikuwa anaongea kwa kipimo cha kazi yake. Kwenye mizani ya kahawa, kikapu chenye majani kilirudishwa kikachambuliwe upya hata kama kilikuwa kizito, kwa maana uzito wa majani haukunywewa na mtu. Mimi nilijaza majani maisha yangu yote, na watu wakanipigia makofi kwa sababu kikapu kilionekana kimejaa.

Mara moja tu kirai kilinigeuka hadharani, na ilikuwa siku ya furaha. Bado ulikuwa shule ya msingi. Kuku walikuwa wakiibwa ovyo hapa mtaani, nami nikasimama baada ya ibada nikatangaza kwamba kutakuwa na mkutano kuhusu wizi wa kuku katika ukumbi wa kanisa. Kule nyuma akasimama Wanjala, mume wa Mama Nafula, mtu wa kiwanda cha vyuma cha Thika, mwenye kicheko cha kutikisa mabati.

"Mwalimu," akasema, "kwani hao kuku walikuwa wamekuja ibada?"

Watu wakaanza kuguna. Yeye akaongeza, "Mimi ni Mluhya, kuku napenda, hiyo sikatai. Lakini haki ya Mungu, kanisani siibi!"

Mchungaji mwenyewe alishika mimbari asianguke. Nilirekebisha tangazo langu, nikakitanguliza kile kirai cha ukumbi mahali pake, na tangu siku hiyo Wanjala hakunipita njiani bila kuniuliza kuku wanaendeleaje katika imani. Nikadhani hayo ndiyo mabaya yote ambayo maneno hayo madogo yanaweza kufanya: yakikaa pasipo pao, watu wanacheka. Sikujua kwamba yanaweza kukaa pazuri kabisa, kila moja kwenye kiti chake, na bado yakamfukia mtu.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako, lakini hawa wengine hawakuyaona, na Mama Nafula aliona upande mmoja tu. Wanjala alipougua na kulazwa Thika, aliandikisha namba yangu ya simu kuwa ya kupigiwa, kwa kuwa simu ya mkewe ilikuwa mbovu na kwa kuwa mimi ndiye msemaji wa kikundi. Siku ile tulikuwa Ruiru, wewe na mimi, tukikutafutia sare ya chuo. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya msichana, muuguzi, hata hakunipa salamu ndefu. Alisema, "Mwambie mke wa Wanjala aje sasa hivi. Anakufa."

Nilikasirika, Wambui. Lazima niliseme hili. Kabla sijahuzunika kwa ajili ya rafiki yangu, niliudhika kwa jinsi binti yule alivyosema. Nikajiambia, hawa watoto wa siku hizi hawana adabu ya maneno. Nikaamua kwamba mimi, mwalimu, nitaifikisha habari ile kwa ustaarabu.

Tukaenda Kiuu, kwenye kibanda cha Mama Nafula. Alikuwa ameinama juu ya karai la samaki, mafuta yanaruka, wateja wawili wamesimama wakimharakisha. Aliponiona alipangusa mikono.

"Mwalimu! Karibu. Na huyu daktari wetu mdogo. Mnataka samaki ama mmekuja kunisalimia tu?"

Nami nikasema. Nayakumbuka maneno yale kama mtu anavyokumbuka sala: "Mama Nafula, kwa niaba ya kikundi chetu, na kutokana na mawasiliano niliyoyapata kutoka hospitalini kuhusiana na hali ya mzee wetu, ambayo kwa mujibu wa wauguzi imefikia kiwango cha kuhitaji maombi, ingekuwa vyema, kwa kadiri ya nafasi yako, kufika huko katika siku ya leo kwa ajili ya kumtazama."

Itazame sentensi hiyo kama mwalimu. Haina kosa. Ningeipa alama zote. Lakini mtafute anayekufa ndani yake. Hayumo. Nilimweka nyuma ya kikundi, nyuma ya mawasiliano, nyuma ya wauguzi na maombi, na penye neno "sasa" nikaweka "kwa kadiri ya nafasi yako." Mama yule alibeba kila kifungu nilichompa, kimoja baada ya kingine, akingoja nimwambie ni nini kimetokea, na mwishoni nikampa neno la kumtazama. Mtu hutazamwa akiwa na homa.

"Haya, mwalimu, asante," akasema. "Kwani amekataa kula tena? Huyo mzee ni msumbufu. Wacha nimalize hii karai, nitaenda jioni na uji wake wa wimbi. Uji hakatai."

"Tuzidi kuomba," nikamjibu. Nikaaga, nikageuka.

Hatukuwa tumefika barabarani ulipouvuta mkono wangu.

"Baba, umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini? Baba, hajashika. Wacha nirudi nimwambie."

"Utarudi umwambie nini? Kwamba baba yako hajui kuongea?"

"Anakaanga samaki, Baba!"

Nikakuambia mtoto hamfundishi mzazi kusema. Nikakushika mkono, wewe mwanamke mzima uliyekuwa na sare ya uuguzi katika mfuko, nikakuondoa pale. Ulinyamaza kwa sababu nilikulea unyamaze ninaposema. Ninapoyakumbuka ya siku ile, sentensi yangu inaniaibisha, lakini mkono ule unaniaibisha zaidi. Sentensi ningeweza kusema iliniponyoka. Wewe ulikuwa tayari kuiokoa, nami nikakuzuia ili nisionekane nimeshindwa.

Jioni Mama Nafula alifika wodini na themosi ya uji, akakuta kitanda kimetandikwa.

Sasa nikueleze ugonjwa huu ulianzia wapi. Si kwa kujitetea. Ni kwa sababu nawe una damu yangu, uutambue ukikujia. Baba yangu alikufa nikiwa mvulana wa shule. Lori la kahawa lilimwangukia. Cucu wako alikuja shuleni na kiondo chake begani, akamwomba mwalimu anitoe, na pale barazani akasema, "Baba yako amekufa. Kaa hapa na mimi." Basi. Hakuongeza neno. Nilimchukia kwa maneno yale. Niliyachukia mpaka nikawa mtu mzima, nikaapa kwamba mimi sitampiga mtu na habari namna ile, nitaifungia kwenye majani laini kwanza. Nikaita hiyo huruma.

Nilichosahau ni nusu ya pili. Kaa hapa na mimi. Mama yangu alisema maneno machache, na kwa kuwa hakuwa na mengine, ilimbidi akae. Alikaa nami kwenye ile baraza mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, mkono wake mgumu wa kuchumia kahawa juu ya shingo yangu. Mimi kule Kiuu nilisema maneno mengi, na yalipokwisha nilikuwa tayari nimegeuza kisogo. Ndiyo kazi ya virai vyangu, Wambui. Havikuwa vya kumlinda Mama Nafula. Vilikuwa njia yangu ya kutokea. Anayesema wazi hulazimika kubaki aone uso wa aliyeambiwa. Mimi sikutaka kuuona uso ule.

Na hata baada ya hapo sikukoma. Jioni ya maombi, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Bungoma, nilisimama hapa hapa uani nikaomba radhi. Mtakumbuka, nyote mlikuwepo. Nilisema kwamba katika mazingira yale ya majonzi, kwa upande wetu kama kikundi, huenda kulikuwa na upungufu katika uwasilishaji wa taarifa. Mkaitikia amina. Mzee mmoja alinishika mkono akasema sijawahi kusema vizuri kama leo.

Mama Nafula alinifuata penye tangi la maji. Akasema, "Mwalimu, umeongea vizuri sana. Sasa niambie mimi. Ile siku, ulijua?"

Nikaanza: "Kwa wakati ule, kulingana na..."

Akainua kiganja. "Basi, mwalimu. Wacha. Watoto wanataka chai."

Hajaniuliza tena. Ananisalimia, analeta mboga za kwao, mrenda na saga, mpaka jikoni kwetu, na wewe ulipopata kazi ndiye aliyepiga vigelegele kabla ya mama yako. Nikajifariji kwamba amesahau. Nikawa mtu wa kupokea mboga za mtu niliyemnyima jibu.

Wiki hii mama yako, akichambua maharagwe ya sherehe yako, aliniambia jambo bila kuinua kichwa. Alisema Mama Nafula hakai tena kwenye karai. Kibanda amemwachia shemeji yake, yeye anauza mboga tu. Mama yako alipomwuliza sababu, alijibu hivi: "Mama Wambui, mimi nilichagua samaki. Mlikuja kuniambia nyinyi wenyewe, na nikachagua samaki. Kama ningekuwa mke wa maana ningeacha hiyo karai iungue." Mama yako akamaliza kuchambua, akaniambia, "Baba Wambui, huyo mama anabeba mzigo wako." Akaenda kuinjika maharagwe.

Nimekaa na maneno hayo tangu wakati huo, na ndiyo yaliyoniketisha kuandika. Nilidhani nimemnyima saa chache kando ya mumewe, na hilo peke yake lilikuwa la kutosha kunifedhehesha mpaka kaburini. Kumbe nilimpa na kitu cha kubaki nacho. Kile kirai changu, "kwa kadiri ya nafasi yako," kilimfanya aamini kwamba alipewa nafasi ya kuchagua. Anajihukumu kwa uchaguzi ambao hakuwahi kupewa. Anayeweza kumwondolea hukumu hiyo ni mtu mmoja, na mtu huyo amekuwa akila mrenda wake na kunyamaza.

Hapa, maitu, punguza mwendo. Mstari unaofuata si wako. Usome ukimtazama yeye.

Mama Nafula, nilijua. Muuguzi alisema uje sasa hivi, Wanjala anakufa. Sikukuambia. Hukuchagua samaki. Wambui alitaka kurudi akuambie, nikamzuia. Kosa ni langu.

Ukishasoma, geuka unitazame mimi. Nitasimama niyarudie maneno hayo kwa mdomo wangu, yaleyale, bila kuongeza. Nikianza na "kwa niaba" au "katika", nikatize mbele ya watu wote, na usione ni utovu wa adabu. Ni ruhusa niliyokunyima kule Kiuu nikikurudishia. Nikishindwa, nisomee tena mpaka niweze. Nikishaweza, nitakwenda kuketi karibu naye ikiwa ataniruhusu. Akikataa nitakaa ninapoonekana. Sitatoka nje kuangalia gari kama limefika.

Kwako wewe sina mengi yaliyobaki. Kule uendako utapewa habari za namna hii mikononi, nao watu watakuambia uzilainishe. Ulaini uweke katika sauti na katika kukaa kwako. Mwambie mtu kwanza ni nini kimetokea, na ni nani, na afanye nini. Mahali na sababu atakuuliza mwenyewe, naye akikuuliza uwe bado upo. Ulijua hayo kabla yangu, siku ile ulipouvuta mkono wangu. Ninachofanya ni kukiri tu kwamba ulikuwa umesema kweli, na kwamba nilikusikia.

Mwenyekiti, Mchungaji, wazee na akina mama wa kikundi, neno la mwisho ni lenu. Nimeacha usemaji. Msinisihi na msinishukuru. Kabla Wambui hajapanda gari, mchagueni mtu mwingine wa kupeleka habari zetu, na mtakayemchagua mwekeeni sharti moja: aseme kwanza, kisha akae. Pigeni kura mkiwa hapa uani. Mimi sitasema.

Baba yako.